Piet Mondrian na taa za New York

Piet Mondrian alizaliwa Amersfoort, Uholanzi, tarehe 7 Machi 1872. Baba yake, mkuu wa shule, ndiye aliyemfundisha kwanza kuchora. Kwa miaka mingi alichora miti, mito na vinu vya upepo. Alipohamia Paris, karibu na umri wa miaka 40, hata jina lake alilipunguza: Mondriaan likawa Mondrian.

Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta yuko kwao Uholanzi. Mwaka 1917 alishirikiana na Theo van Doesburg na wengine katika jarida la De Stijl. Baada ya vita alirudi Paris, na huko akaikamilisha sarufi yake: mstari wima, mstari mlalo, nyekundu, buluu na manjano, pamoja na nyeusi, nyeupe na kijivu. Sisi wanafunzi wa isimu jambo hili halitushangazi, kwani lugha nayo hujenga maneno yasiyohesabika kwa sauti chache tu. Sheria hiyo aliishika kwa ukali. Van Doesburg alipoingiza mstari wa mshazari, Mondrian alijitenga na kundi.

Mwaka 1937 Wanazi walionyesha kazi zake mbele ya watu kama mfano wa sanaa iliyopotoka. Mwaka uliofuata alikimbilia London. Mabomu yalipoanza kuanguka huko, akavuka bahari hadi New York, mwaka 1940, akiwa na miaka 68.

Huko alikuta barabara zilizonyooka, majengo marefu, taa za umeme, na boogie-woogie, muziki wa piano wa Wamarekani weusi. Mzee akaanza upya. Alibandika mikanda ya karatasi yenye rangi, akaihamisha huku na huku kabla ya kupaka. Katika Broadway Boogie Woogie, aliyoimaliza mwaka 1943, mistari myeusi iliyobeba kazi yake kwa miaka zaidi ya 20 haipo tena. Njia za manjano zinakatana, na juu yake vipande vidogo vyekundu, vya buluu na vya kijivu vinawaka na kuzimika. Hakuna gari wala nyumba iliyochorwa, lakini mji unatambulika.

Alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 1 Februari 1944. Victory Boogie Woogie ilibaki haijamalizika, vipande vya karatasi bado vimebandikwa juu yake. Mtu aliyeachana na rafiki kwa ajili ya mstari mmoja alikufa akiwa bado anairekebisha sarufi yake mwenyewe.