Mwanamieleka Rikidozan na Jina la Kuazima



Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, ili tutakapokutana tuwe na la kuzungumza zaidi ya kuulizana nani amestaafu na nani ametutoka. Najua wengi mtatazamia mwanasiasa au mshairi, kwa kuwa nimefundisha historia maisha yangu yote. Mimi nimemchagua mwanamieleka. Sababu yake nitaieleza mwishoni, nanyi nawaomba mnivumilie.

Mtakumbuka mwezi wa Juni 1976, tulipokuwa Kidato cha Pili, habari zilipotufikia bwenini kwamba Muhammad Ali anakwenda Tokyo kupambana na mwanamieleka wa Kijapani aitwaye Antonio Inoki. Tulibishana mpaka mwalimu wa zamu akaja kutunyamazisha kwa fimbo. Pambano lenyewe, la tarehe 26 Juni, lilikwisha sare baada ya raundi 15, na muda mwingi Inoki alikuwa chini mgongoni akimpiga Ali mateke ya miguu. Wengi wenu mlicheka. Mimi nilibaki na swali moja: huyu Inoki alifundishwa na nani? Jibu nililipata miaka mingi baadaye vitabuni. Mwalimu wake aliitwa Rikidozan.

Rikidozan hakuwa Mjapani wa kuzaliwa. Alizaliwa mwaka 1924 katika mkoa wa Hamgyong Kusini, ambao leo umo Korea Kaskazini, na wazazi wake walimwita Kim Sin-rak. Wakati huo Korea ilikuwa koloni la Japani, tangu 1910 hadi 1945. Kijana Kim alikuwa na mwili wa nguvu, na alijulikana kwao kwa mieleka ya jadi ya Kikorea. Akaonwa na Mjapani mmoja mpenzi wa michezo, akachukuliwa kwenda Tokyo kujifunza sumo, ile mieleka ya Wajapani ya kusukumana ndani ya duara la udongo. Alianza kushindana mwaka 1940. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilianza kuwashurutisha Wakorea kujiandikisha kwa majina ya Kijapani.

Katika sumo mshindani hupewa jina la ulingoni. Kim akaitwa Rikidozan, jina linaloandikwa kwa alama tatu za nguvu, njia na mlima. Alipanda ngazi kwa jasho lake hadi mwaka 1949 akafikia cheo cha tatu kutoka juu kabisa. Ilionekana kwamba hata kilele hakiko mbali. Lakini mwaka 1950 alichukua kisu, akakikata kwa mkono wake mwenyewe kile kishungi cha nywele ambacho mwanasumo hukatiwa kwa sherehe anapostaafu. Waliosimulia maisha yake wametaja maradhi, ugomvi wa fedha na mkuu wa kambi yake, na ubaguzi kwa sababu ya asili yake. Yumkini yote matatu yalikuwapo.

Mwaka uliofuata Wamarekani walileta Tokyo mieleka ya kulipwa. Rikidozan akaijaribu, akaipenda, na mwaka 1952 akaenda Hawaii kufunzwa. Aliporudi mwaka 1953 alianzisha chama cha mieleka ya kulipwa cha Japani. Wakati huo karatasi zake rasmi zilikuwa zikisema kwamba yeye ni Momota Mitsuhiro, mzaliwa wa Omura katika mkoa wa Nagasaki. Momota lilikuwa jina la ukoo wa yule Mjapani aliyemtoa kwao. Jina la Kim Sin-rak likafungiwa sandukuni.

Sasa ndugu zangu, ili kuelewa yaliyofuata, hatuna budi kukumbuka hali ya Japani ya siku zile. Nchi ilikuwa imeshindwa vita mwaka 1945, miji yake imeungua, na majeshi ya kigeni yakiongozwa na Marekani yaliitawala hadi Aprili 1952. Watu walikuwa wameinamisha vichwa. Televisheni nayo ilianza Februari 1953, lakini bei yake ilikuwa kubwa mno kwa mtu wa kawaida, kwa hiyo kampuni za utangazaji ziliweka masanduku ya televisheni katika viwanja na mbele ya vituo vya treni.

Tarehe 19 Februari 1954 Rikidozan na mwenzake Masahiko Kimura, bingwa wa judo, walipambana Tokyo na ndugu wawili wa Kizungu walioitwa Sharpe, majitu marefu kweli kweli. Maelfu ya watu walijazana mbele ya zile televisheni za barabarani, kama sisi tulivyokuwa tukijazana kwenye redio moja ya bwaloni siku ya mpira. Wakamwona Mjapani mfupi akiwapiga Wazungu warefu kwa ukingo wa kiganja mpaka wakayumba. Kwa watazamaji, waliokuwa wakianguka pale ni Wamarekani waliowashinda vitani. Kwa kweli akina Sharpe walikuwa Wakanada, na yule Mjapani alikuwa Mkorea. Lakini nani angeuliza jioni ile? Nchi nzima ilishangilia.

Hapa sharti niseme ukweli mwingine. Mieleka ya kulipwa si kama ngumi za Ali. Mshindi kwa kawaida hupangwa kabla ya watu kupanda ulingoni. Maumivu ni ya kweli, mazoezi ni ya kweli, mifupa huvunjika kweli, lakini matokeo hukubaliwa. Tarehe 22 Desemba 1954 Rikidozan alikutana na huyohuyo Kimura kugombea ubingwa wa Japani. Kimura alieleza baadaye kwamba walikuwa wamepatana watoke sare. Katikati ya pambano Rikidozan alibadilika, akampiga kwa makofi na mateke ya nguvu hadi mwenzake akalala sakafuni. Kimura alibaki na uchungu huo miaka mingi.

Basi msidhani nawaletea malaika. Alikuwa mtu mkali, mnywaji, mwepesi wa kugombana, na wanafunzi wake aliwatesa kwa mazoezi na kwa kipigo. Hata hivyo alikuwa na jicho la kutambua vipaji. Inoki alimkuta Brazil, ambako familia yake ilikuwa imehamia, naye pamoja na Giant Baba walipanda ulingoni mara ya kwanza siku moja, tarehe 30 Septemba 1960. Wawili hao ndio walioibeba mieleka ya Japani baada yake. Yeye mwenyewe alitoka sare ya dakika 60 na bingwa wa dunia Lou Thesz mjini Tokyo mwaka 1957, na mwaka 1958 akamshinda Los Angeles. Alijenga nyumba za kupangisha, na mwaka 1961 akafungua ukumbi wake wa michezo mtaani Shibuya. Mali, sifa na marafiki wakubwa, vyote alivipata.

Kitu kimoja hakukipata. Januari 1963 alisafiri kwenda Korea Kusini, na hakutaka safari hiyo itangazwe sana Japani. Alifika mpaka kwenye mpaka unaoigawa nchi. Kijiji alichozaliwa kilikuwa upande wa pili, kaskazini, na njia ilikuwa imefungwa. Ikabidi ageuke na kurudi Tokyo kuwa Momota.

Tarehe 8 Desemba mwaka huohuo, katika klabu ya usiku mtaani Akasaka, aligombana na kijana wa genge la wahuni. Kijana alimchoma kisu tumboni. Mwanzoni jeraha halikuonekana la kutisha, naye alifanyiwa upasuaji, lakini tumbo lilifanya usaha. Alifariki tarehe 15 Desemba 1963, akiwa na umri wa miaka 39. Japani ililia. Wengi wa waliomlilia hawakujua jina ambalo mama yake alimwita. Miaka mingi ilipita kabla ya habari za asili yake kuandikwa waziwazi nchini humo. Aprili 1995 Inoki alipeleka mieleka Pyongyang, mji mkuu wa Korea Kaskazini, na huko Rikidozan alikumbukwa kuwa mtoto wa nchi hiyo.

Ndugu zangu, sasa nitimize ahadi yangu ya kueleza sababu.

Jina mnalonijua nalo si langu. Nilipomaliza darasa la saba mara ya kwanza sikuchaguliwa, na kurudia darasa kulikuwa hakuruhusiwi. Baba akanipeleka kwa mjomba, wilaya nyingine, nikaingia darasani kwa jina la kijana aliyekuwa ameacha shule. Nilifaulu, nikaja kwenu Januari 1975 na jina lake. Najua si mimi peke yangu, na baadhi yenu mnaposoma haya mnatazama chini. Lakini mtanisamehe nikisema yangu tu. Cheti cha Kidato cha Nne, cheti cha ualimu, barua za kupandishwa cheo, hata malipo ya uzeeni, vyote vimeandikwa jina la yule kijana. Yeye alibaki kijijini akilima mihogo. Baba yangu alifariki bila kuona jina lake kwenye karatasi yangu hata moja.

Mwaka jana nilikwenda kumzika mwenye jina. Marehemu alipotajwa kaburini, lilitajwa jina langu, nami nilikuwa nimesimama pale na udongo mkononi. Usiku ule sikulala. Nilimfikiria Rikidozan pale mpakani, akitazama upande alikotoka.

Yeye alikufa ghafla, bado kijana, siri yake ikiwa moyoni. Mimi Mwenyezi Mungu amenipa muda. Kwa hiyo nina ombi moja kwa kamati ya mkutano. Siku hiyo, kama desturi yetu, mwenyekiti atakapoita orodha ya darasa, akifika jina langu asiite. Animalizie wengine kwanza, kisha anipe nafasi nisimame niseme jina alilonipa baba. Atakayeitika aitike, atakayecheka acheke.

Kwa leo nakomea hapa. Tuonane salama.

Mwenzenu wa darasa la 1975–1978.