Vavilov: Mlinzi wa mbegu za dunia aliyefia gerezani kwa njaa

NIKOLAI Vavilov alizaliwa jijini Moscow mnamo 1887, katika nchi iliyoijua njaa vyema. Alipohitimu masomo ya kilimo, aliazimia kutafuta ngano itakayostahimili ukame, baridi na maradhi.

Mnamo 1913 alikwenda Uingereza na kufanya utafiti pamoja na William Bateson, mmoja wa waasisi wa elimu ya jeni. Alirejea akiamini kuwa kinga ya mimea imo ndani ya mbegu zenyewe.

Mwaka wa 1920, akiwa profesa mjini Saratov, alitangaza kanuni iliyomjengea sifa. Alieleza kwamba mimea yenye nasaba moja hubadilika kwa njia zinazolingana. Sifa ikionekana kwa shayiri, yamkini ipo au yaweza kupatikana kwa ngano pia, jinsi wajukuu wa babu mmoja wanavyofanana sura. Hivyo mtafiti angejua anachotafuta hata kabla ya kufunga safari.

Naye alisafiri kweli. Alizuru Afghanistan, nchi za Mediterania na bara Amerika. Mnamo 1927 alifika Ethiopia, akapokewa na Ras Tafari, ambaye baadaye alitawazwa kuwa Mfalme Haile Selassie. Huko alikuta ngano ngumu ambayo masuke yake hayana ndevu, aina ambayo kanuni yake ilikuwa imeibashiri. Kufikia 1940, taasisi aliyoiongoza mjini Leningrad ilikuwa na takriban sampuli 250,000 za mbegu.

Hata hivyo, siasa iliingilia sayansi. Trofim Lysenko, aliyeipinga elimu ya jeni na kuahidi mavuno ya haraka, aliungwa mkono na Stalin. Vavilov alikataa kuikana elimu yake. Alikamatwa Agosti 1940 akiwa ziarani kukusanya mimea nchini Ukraine, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifo. Hukumu hiyo ilibadilishwa baadaye kuwa kifungo cha miaka 20, lakini alifariki katika gereza la Saratov mnamo Januari 26, 1943, akiwa amedhoofishwa na njaa. Alikuwa na umri wa miaka 55.

Wakati huo Leningrad ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Ujerumani. Baadhi ya watafiti wa taasisi yake walikufa njaa huku wakizilinda mbegu hizo bila kuzila.

Serikali ilimsafishia jina mnamo 1955. Fikra yake nayo iliendelea kuzaa matunda. Baadhi ya shayiri za wakulima wa Ethiopia hazishikwi na ubwiri unga, ukungu mweupe unaofunika majani, kwa sababu jeni yao iitwayo MLO ina hitilafu ya kiasili. Ngano ya mkate ina nakala tatu za jeni hiyo, na ni vigumu mno zote kupata hitilafu kwa bahati. Mwaka wa 2014, wanasayansi wa China walizilemaza zote tatu kwa uhariri wa jeni, na ngano hiyo ikaweza kuukinga ugonjwa huo. Sifa ya shayiri ilipatikana kwa ngano bila kupandikiza jeni ya mmea mwingine.

Mkasi huo mpya haufai kitu kwa asiyejua pa kukata, na maarifa hayo hutokana na mbegu zilizohifadhiwa na wakulima na kukusanywa na watu kama Vavilov. Wahenga walinena kuwa mchumia juani hulia kivulini. Yeye alichumia juani, ila kivulini wamekaa wengine.