Robert Koch na Jibu la Maabara

Mtu mwenye kikohozi kisichopona akifika hospitali, mara nyingi huambiwa atoe makohozi yapelekwe maabara. Baadaye hupewa karatasi ndogo yenye majibu. Kwa karatasi hiyo ataanza kumeza dawa kwa miezi mingi, ama atarudi nyumbani. Sisi tusio waganga hatuwezi kujua kama jibu lile ni kweli, twamwamini aliyepima. Kwa hiyo, wasomaji wetu wapendwa, tumeona vema kuwaeleza habari za mtu aliyefanya kazi kubwa ili majibu ya maabara yapate kuaminiwa, na jinsi wagonjwa walivyoumia pale alipoiacha njia yake mwenyewe.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa machimbo katika Ujerumani. Alisomea uganga katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka 1866. Mwaka 1872 akawa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao siku hizi umo katika nchi ya Poland. Hakupewa maabara. Alitenga pembe ya chumba alichotibia wagonjwa, akaweka hadubini yake humo, akaanza kuchunguza kimeta, ugonjwa uliokuwa ukiua mifugo ya wilaya ile.

Wengine walikwisha kuona vijidudu kama vijiti katika damu ya wanyama waliokufa, lakini hakuna aliyethibitisha kwamba ndivyo vilivyoleta ugonjwa. Koch alivikuza, akaona vikifanya mbegu ngumu ziwezazo kukaa udongoni muda mrefu. Mwaka 1876 hakutaka asadikiwe kwa maneno tu. Alifunga safari pamoja na vifaa vyake mpaka Breslau, akairudia kazi yote mbele ya Profesa Ferdinand Cohn na wenzake, wakajionea wenyewe.

Siku zile kazi ya maabara ilikuwa na fujo nyingi. Vijidudu vilikuzwa katika supu ya nyama, na aina nyingi zikachanganyika. Tena kila mtu alichora alichodhani amekiona. Koch alianza kupiga picha za vijidudu kwa kamera. Kisha akavikuza juu ya chakula kigumu kilichotandazwa juu ya kioo, ili kila aina imee mahali pake bila kuchanganyika na nyingine. Shida ilikuwa kwamba chakula hicho kiliyeyuka penye joto. Bibi Fanny Hesse, mke wa daktari mmoja aliyefanya kazi pamoja na Koch, ndiye aliyetoa shauri la kutumia agari itokanayo na mwani, kitu alichokuwa akigandishia vyakula jikoni kwake. Hata leo maabara hutumia agari hiyo.

Kwa uangalifu huo Koch aliwatangazia madaktari wa Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba amekipata kijidudu cha kifua kikuu. Alieleza kila hatua, na slaidi zake zilikuwa pale pale, wapate kuzitazama.

Lakini mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, iliyoitwa tuberkulini, wala hakusema imetengenezwa kwa nini. Wagonjwa walimiminika Berlin. Dawa haikuponya, wengine walizidiwa, wakafa. Alipokuja kueleza mwaka 1891 kwamba ni maji yaliyotokana na vijidudu vile vile, madhara yalikwisha kutokea. Baadaye madaktari wengine waligundua kwamba tuberkulini yafaa kwa kupimia tu.

Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 katika mji wa Hamburg. Jirani zao wa Altona, waliokunywa maji ya mto ule ule yakiwa yamechujwa, waliokoka kwa sehemu kubwa. Hapo Koch aliweka kipimo: katika sentimita moja ya ujazo ya maji yaliyochujwa vijidudu visifike 100. Sasa kila mji uliweza kuyapima maji yake, usitegemee kuyatazama kwa macho.

Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka uliofuata alikuja Afrika Mashariki, akapiga kambi katika visiwa vya Ssese, Uganda, ambako malale ilikuwa imeua watu wengi mno. Aliwatibu wagonjwa kwa atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki. Alipoona vijidudu vinarudi katika damu, aliongeza kipimo cha dawa. Baadhi ya wagonjwa wakapofuka, wasione tena. Koch alifariki huko Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910.

Siku hizi katika upimaji wa makohozi, baadhi ya slaidi zilizokwisha kusomwa hupelekwa kwa mpimaji wa pili asiyejua jibu la kwanza, ili makosa yaonekane mapema. Basi mgonjwa akiambiwa alete makohozi tena, asinung'unike wala asidhani amedharauliwa. Na vijana wetu wanaosomea kazi ya maabara wasione haya slaidi zao zikirudiwa kusomwa, kwa maana nyuma ya kila slaidi kuna mtu anayengoja jibu.