Thomas Stevens: Msafiri wa Baiskeli Aliyejua Kungoja

Wazee wetu wa mwambao hawakusafiri siku yoyote waliyoipenda. Jahazi lililokuja na kaskazi lilingoja kusi ndipo lirejee, na baina ya misimu hiyo miwili nahodha hakulala. Chombo kilipandishwa pwani, kikakwanguliwa, kikatiwa kalafati baina ya mbao, kikapakwa sifa na deheni. Matanga yakashonwa na kamba zikasokotwa upya. Mpita njia aliyewaona mabaharia wamekaa mchangani na nyundo zao akadhani wanastarehe, hakuyajua mambo ya bahari. Safari ilikuwa ikifanywa pale pale, juu ya mchanga.

Ada hiyo ya wazee nimeikumbuka nilipokuwa nikisoma habari za mtu aliyesafiri kwa chombo kingine kabisa. Jina lake ni Thomas Stevens, na yeye ndiye mwanadamu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baiskeli, baina ya mwaka 1884 na 1886. Wengi wamemsifu kwa mwendo wake. Mimi leo, ndugu msomaji, nataka tumtazame zaidi katika vituo vyake, kwani huko ndiko safari yake iliponea, na huko pia ndiko ilikokaribia kufa.

Stevens alizaliwa tarehe 24 Desemba, 1854, katika mji mdogo wa Berkhamsted, Uingereza, katika nyumba ya watu wasio na mali. Alifanya kazi ya kujifunza biashara dukani, na mwaka 1871, angali kijana, akavuka bahari kwenda Marekani kutafuta riziki. Akahangaika huku na huko, akafanya kazi katika reli na katika machimbo ya madini. Huko magharibi ya Marekani ndiko lilikomjia wazo ambalo wengi waliliona ni wazimu: kuivuka nchi ile nzima, kutoka bahari hata bahari, juu ya baiskeli.

Baiskeli yenyewe msiifananishe na hizi tuzijuazo. Ilikuwa na gurudumu kubwa mbele, la inchi 50 kutoka ukingo hata ukingo, na nyuma kigurudumu kidogo kama cha mchezo wa watoto. Haikuwa na mnyororo. Pedali zilifungwa kwenye ekseli ya gurudumu lile kubwa, na mguu ukizunguka mara moja, gurudumu nalo lazunguka mara moja, mwendo wa kama mita nne. Raba yake haikuwa na upepo ndani, kwani tairi za upepo za Dunlop hazikutokea ila mwaka 1888. Mpandaji alikaa juu kabisa, karibu na mbele, na gurudumu likigonga jiwe alirushwa kichwa kwanza. Juu ya kiti kama hicho ndiko alikotaka kuiona dunia.

Aliondoka San Francisco tarehe 22 Aprili, 1884. Mzigo wake wote ulikuwa katika mkoba mdogo uliofungwa kwenye usukani: soksi, shati la akiba, bastola, na koti la mvua ambalo usiku lilikuwa hema na tandiko. Basi. Akafika Boston tarehe 4 Agosti, baada ya siku 104 na maili kama 3,700. Na tusidhani kwamba zote alizipanda. Yakadiriwa kwamba thuluthi ya njia ile alikwenda kwa miguu, akiisukuma au kuibeba baiskeli yake milimani na jangwani.

Hapo ndipo alipopata kituo chake cha kwanza. Majira ya baridi yalipoingia alikaa New York akiandika yale aliyoyaona, na gazeti la Outing likamfanya mwandishi wake. Kampuni ya Albert Pope, iliyounda baiskeli za Columbia, nayo ilimwunga mkono. Aliingia katika kituo kile akiwa mtu aliyefanya jambo la ajabu, akatoka akiwa msafiri mwenye kazi, mwenye posho na mwenye watu wanaongojea barua zake. Mwezi wa Aprili 1885 alipanda meli kwenda Uingereza, na tarehe 4 Mei akaondoka Liverpool, uso wake umeelekea mashariki.

Akapita Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Austria na Hungaria, kisha Serbia na Bulgaria, hata akaingia Istanbul, makao ya Sultani. Mwaka ule, 1302 wa Hijra, Ramadhani iliangukia Juni na Julai, siku ndefu za joto la kaskazini, na yeye alikuwa katika nchi za Sultani. Mbele yake ulikuwa mkono wa bahari wa Bosphorus, na ng'ambo yake Asia. Hakuvuka mara moja. Alisimama Istanbul akapumzika, akatengeneza chombo chake, akajipatia spoku za akiba, raba na vipuri vingine, pamoja na bastola bora kuliko ile ya kwanza. Tena alingoja habari za wanyang'anyi wa njiani zipoe.

Kwa nini spoku, vijiti vile vyembamba, zimshughulishe mtu mwenye safari ya dunia nzima? Hapa pana siri ambayo fundi yeyote wa baiskeli aijua. Gurudumu la mkokoteni lasimama juu ya njiti zake nene za mti, na mzigo wazikandamiza. Gurudumu la baiskeli ni kinyume cha hayo. Spoku zake zimevutwa kama nyuzi za udi, na ekseli yaning'inia katikati kwa nguvu ya mvuto huo. Ukikatika uzi mmoja, jirani zake hubeba deni lake. Zikikatika mbili tatu, rimu hupinda, na gurudumu hugusa uma na kugoma. Na gurudumu la Stevens lilikuwa kubwa mno, jepesi kupinda kwa ukubwa wake.

Nyuma yake, huko Ulaya, fundi wa baiskeli aliweza kupatikana. Mbele yake, katika Anatolia, palikuwa na wahunzi hodari wa kupiga nali za farasi, lakini nani kati yao aliyewahi kushika gurudumu la namna ile? Kitu kisichotimia thamani ya kikombe cha kahawa Istanbul kingeweza kuimaliza safari nzima katika bonde la Wakurdi. Na huwezi kubeba kila kitu, kwa kuwa kila chuma unachokiongeza utakisukuma mwenyewe mlimani. Hapo ndipo akili ya msafiri inapopimwa, kuchagua kichache kitakachomwokoa na kuacha kingi kitakachomlemea. Sisi tumefunzwa kwamba ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akategemea kwa Mola wake. Stevens hakuwa wa dini yetu, lakini ngamia wake alimfunga.

Akavuka. Akapita Ankara, Yozgat, Sivas na Erzurum, kisha akaingia Uajemi. Kila kijiji kilimtokea kwa umati, watu wakimtaka apande waione ajabu ile, na asipopanda hawakumwacha. Katika vitabu vyake aliwaandika watu wa nchi zile, mara nyingine, kwa dharau ya Wazungu wa wakati wake, na jambo hilo tusilifiche. Lakini vitabu hivyo hivyo vyashuhudia kwamba mkate alioula ulikuwa wao, na paa alilolala chini yake lilikuwa lao. Mgeni aliyeingia bila jamaa wala mlinzi alipewa haki ya mgeni.

Tarehe 30 Septemba, 1885, aliingia Tehran. Theluji ilikuwa karibu kuifunga milima, na hapo akakaa miezi mitano na zaidi. Mfalme wa nchi, Nasir-ud-Din Shah, alipendezwa naye na baiskeli yake, akamfanya mgeni wake. Mwili ukapumzika, chombo kikatengenezwa. Lakini katika kituo hiki palikuwa na kipuri kimoja ambacho hakuna duka lililokiuza, nacho ni ruhusa.

Stevens alitaka kupita katika nchi za Warusi hata Siberia. Warusi wakamkatalia. Ikambaki njia ya Afghanistan, na wakati ule nchi hiyo ilikuwa kama kaa la moto. Mwezi wa Machi 1885 Warusi na Waafghani walikuwa wamepigana huko Panjdeh, na Waingereza na Warusi walikaribia kuingia vitani kwa sababu hiyo. Amiri Abdur Rahman hakupenda kuona mgeni wa Kizungu akizungukazunguka katika mipaka yake, na nani wa kumlaumu?

Juu ya hayo Stevens aliondoka Tehran tarehe 10 Machi, 1886, akapita Mashhad, akaingia Afghanistan bila idhini. Akakamatwa, akapelekwa upande wa Herat, kisha akarudishwa mpakani mwa Uajemi chini ya ulinzi. Hawakumdhuru. Walimwambia tu, kwa vitendo, kwamba nyumba ya watu haiingiliwi bila hodi.

Hebu tulipime jambo hili. Majira yote ya baridi alikuwa na nafasi ya kujitayarisha, na chuma chake kilikuwa tayari. Mlango haukuwa tayari, naye akausukuma. Kosa hilo lilimgharimu safari ya kurudi nyuma maelfu ya maili: kwa meli katika bahari ya Kaspi hadi Baku, kwa gari la moshi hadi Batum, kwa meli tena hadi Istanbul, na kutoka hapo baharini hadi Bara Hindi. Wahenga walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwingine angekata tamaa akarudi kwao. Yeye alimeza uchungu, akaanza upya.

Huko Hindi alishika ile njia kuu ya kale iliyotengenezwa na Sher Shah, akaifuata kutoka Lahore hata Calcutta katika joto kali. Akaenda Uchina, ambako watu waliokuwa na hasira ya vita vyao na Wafaransa walimfanyia ghasia, na afisa mmoja wa Kichina akamhifadhi hata akanusurika. Mwisho akavuka Japani, na tarehe 17 Desemba, 1886, akateremka Yokohama. Alikuwa amekwenda kwa gurudumu maili kama 13,500. Habari zake alizitoa katika vitabu viwili, mwaka 1887 na 1888.

Sisi wa mwambao tuna hisa yetu katika maisha yake. Gazeti moja la New York, World, lilimtuma Afrika Mashariki kumtafuta Stanley, aliyekuwa amepotelea bara katika safari ya kumwendea Emin Pasha. Alifika Unguja mwaka 1889, wakati Abushiri bin Salim na watu wake walipokuwa wakipigana na Wajerumani katika mrima. Stevens aliingia bara hadi upande wa Kilimanjaro, na baadaye akawa miongoni mwa waandishi waliomlaki Stanley karibu na Bagamoyo, mwisho wa mwaka ule. Safari hii alikwenda na wapagazi. Miguu ya watu wa pwani, ambao majina yao hayakuandikwa, ndiyo iliyokuwa magurudumu yake.

Baadaye aliivuka Urusi juu ya farasi, akaoa, akatulia London akiwa msimamizi wa jumba la michezo la Garrick. Alifariki tarehe 24 Januari, 1935, akiwa na umri wa miaka 80. Baiskeli yake iliyohifadhiwa Marekani haipo tena. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilitolewa pamoja na vyuma vikuukuu vikayeyushwe.

Basi chuma kimekwenda, na mwenyewe amekwenda. Lililobaki ni funzo, nalo si la wapanda baiskeli peke yao. Kila mmoja wetu hupata majira ya kusimama: kazi imekwisha, ugonjwa umemlaza, pepo zimemgeukia. Siku hizo twaziita za bure, twanung'unika zipite. Kumbe ndizo siku za kukaza spoku zilizolegea, kupunguza mzigo usio na faida, na kupiga hodi kwa adabu katika mlango tunaotaka kuupitia. Stevens aliyafanya mawili ya kwanza akafanikiwa. Akaghafilika na la tatu, akarudishwa. Atakayeyashika yote matatu, msimu ukigeuka, hatakuwa na haja ya kutweka tanga lililochanika.