Dereva wa Bugatti Aliyeshuka kwa Mwavuli
Leo tunawakumbusha ndugu zetu wa jeshi na polisi habari za William Grover-Williams, Mwingereza aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1903. Mwanzoni alikuwa dereva tu wa mchoraji mashuhuri, William Orpen. Mwaka 1929 alishinda mashindano ya kwanza ya magari ya Monaco katika Bugatti Type 35B ya rangi ya kijani.

Gari lile lilikuwa na silinda 8, halina paa wala mkanda wa kujifunga. Aliuzunguka mji mara 100, karibu saa 4, kwa wastani wa kilomita 80 hivi kwa saa. Bugatti Veyron, lililotolewa mwaka 2005, lina silinda 16 na hupita kilomita 400 kwa saa, na mitambo humsaidia dereva kulizuia. Sisi twaona kazi ya mikono ilikuwa kubwa zaidi katika lile la zamani.

Vita vilipozuka aliingia jeshi la Uingereza. Mwaka 1942 alishushwa Ufaransa kwa mwavuli, akaunda kikosi cha siri pamoja na Robert Benoist, mshindani mwenzake wa zamani. Wajerumani walimkamata Agosti 1943, wakamwua kambini Sachsenhausen mwaka 1945, kabla nchi yao haijasalimu amri.