Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyefuata nyayo za saratani ya watoto Afrika

MWAKA 1957, katika wodi ya watoto ya Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alilazwa mtoto wa kiume wa miaka mitano ambaye sura yake ilikuwa imeharibiwa na uvimbe. Taya la juu na la chini, kulia na kushoto, yote yalikuwa yamevimba, na meno yalikuwa yamelegea katika ufizi.

Daktari aliyekuwa akimhudumia, Hugh Trowell, bingwa aliyejulikana kwa utafiti wake kuhusu ugonjwa wa unyafuzi, hakuelewa alichokiona. Akamwita mwenzake wa idara ya upasuaji aje kumtazama mgonjwa huyo.

Mpasuaji huyo alikuwa Denis Parsons Burkitt. Naye hakuelewa. Uvimbe wa taya aliuzoea, lakini uvimbe unaotokea pande zote nne kwa wakati mmoja ulikuwa haufanani na maambukizi, wala haukufanana na saratani yoyote iliyoandikwa katika vitabu alivyosoma. Alimpiga picha mtoto yule, akarejea kazini.

Wiki chache baadaye alikwenda Jinja, mji ulio umbali wa kilomita 80 hivi mashariki ya Kampala, kutembelea hospitali ya huko. Akiwa ndani, alitupa macho dirishani na kumwona nje mtoto wa kike aliyekaa na mama yake. Uso wa mtoto huyo ulikuwa kama wa yule wa Mulago. Alipompima alikuta na tumboni mna uvimbe.

Mtoto mmoja angeweza kuwa ajabu ya siku moja. Wawili walikuwa swali, na swali hilo ndilo lililokuja kubadili elimu ya saratani duniani.

Mtoto wa mhandisi

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911, Enniskillen, kaskazini ya Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa wilaya aliyependa kuchunguza ndege. Aliwafunga pete miguuni ndege wadogo wa bustanini kwake na kuchora ramani ya eneo la kila mmoja. Mwana naye alikuja kuwa mchora ramani, ila yeye alichora za maradhi.

Akiwa na umri wa miaka 11, alipigwa jiwe katika ugomvi wa wavulana, miwani yake ikavunjika na jicho la kulia likapotea.

Aliingia Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi, lakini imani yake ya Kikristo, ambayo ilimwongoza hadi mwisho wa uhai wake, ilimgeuza kuelekea udaktari. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akatunukiwa shahada ya juu ya wapasuaji mjini Edinburgh.

Alipoomba kazi katika utumishi wa tiba wa makoloni ya Uingereza, alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomfungulia mlango: alijiunga na kikosi cha madaktari wa jeshi na kupelekwa Kenya, Somalia na Ceylon. Vita vilipokwisha aliomba tena, na safari hii akakubaliwa. Mwaka 1946 alipangiwa Lira, katika wilaya ya Lango, Uganda.

Ramani ya mabusha

Huko Lira, akiwa daktari wa hospitali ndogo yenye wagonjwa wengi, aliona jambo lililowapita wengine. Wanaume wengi waliofika kupasuliwa mabusha walitoka upande wa mashariki wa wilaya, na wachache mno upande wa magharibi.

Alianza kumwuliza kila mgonjwa alikotoka, kisha akaenda vijijini kuhesabu mwenyewe. Aliyoyakuta aliyachora katika ramani na kuyachapisha katika jarida la The Lancet mwaka 1951. Tofauti hiyo ilifuata mtawanyiko wa minyoo ya matende, ambayo huenezwa na mbu.

Mafunzo ya kazi ile yalimkaa moyoni: kabla ya kuuliza ugonjwa ni nini, mtu anaweza kuuliza ugonjwa uko wapi.

Mwaka 1948 alihamishiwa Mulago, hospitali ambako madaktari wa Chuo cha Makerere walikuwa wakifunzwa. Palikuwa na wagonjwa kutoka kila pembe ya Uganda na nchi jirani. Kilichoipa sifa zaidi ni kwamba mabingwa wa idara mbalimbali walikuwa wachache kiasi cha kujuana na kutembeleana wodini.

Ugonjwa mmoja, majina mengi

Aliporudi kutoka Jinja, Burkitt alipekua mafaili ya watoto waliokufa kwa saratani Mulago. Alikuta kwamba uvimbe wa taya mara nyingi uliandamana na uvimbe kwenye figo, ini, ovari au tezi nyingine. Kila idara ilikuwa imeuandika kwa jina lake: mpasuaji aliona taya, mwingine aliona tumbo, na hakuna aliyeyaunganisha.

Hata hivyo hakuwa wa kwanza kuuona. Albert Cook, daktari mmisionari aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mjini humo mwishoni mwa karne ya 19, alikuwa ameacha katika daftari zake maelezo ya watoto wa namna hiyo. Ugonjwa ulikuwapo siku zote.

Mwaka 1958 Burkitt alichapisha maelezo ya watoto 38 katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Wasomaji hawakushtuka. Waliogundua uzito wa jambo walikuwa majirani zake wa maabara, Jack Davies na Gregory O'Conor, wataalamu wa patholojia, ambao walikuwa wakichambua saratani zote za watoto zilizopokewa Kampala. Chini ya hadubini, uvimbe wa taya na ule wa tumbo ulikuwa kitu kimoja: limfoma, yaani saratani ya chembe za mfumo wa kinga. Nayo ilichukua takriban nusu ya saratani zote za watoto walizozikuta.

Hivyo ugonjwa ulitambulika kwa kazi ya idara tatu: bingwa wa magonjwa ya ndani aliyekubali kwamba hajui, mpasuaji aliyehesabu, na wanapatholojia waliotazama.

Wiki kumi barabarani

Swali la Lira likarudi: uko wapi? Kwa ruzuku ya pauni 25, Burkitt alichapisha karatasi zenye picha za wagonjwa na kuzituma kwa hospitali za serikali na za misheni barani Afrika. Majibu aliyaweka katika ramani ya ukutani. Ukajitokeza mkanda uliokatiza katikati ya bara na kuwa na mkia ulioteremka upande wa mashariki hadi Msumbiji.

Ili kujua mwisho wa mkia huo, Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Alifuatana na Ted Williams, daktari wa Hospitali ya Kuluva, West Nile, aliyekuwa pia fundi hodari wa magari, na Cliff Nelson, daktari kutoka Kanada. Kwa wiki kumi walisafiri takriban kilomita 16,000, wakapita Kenya, Tanganyika iliyokuwa inangoja uhuru wake, hadi Afrika Kusini na kurudi. Katika kila hospitali walitoa picha na kuuliza swali lile lile: umepata kumwona mtoto wa namna hii?

Majibu yalikuwa na mpango. Penye joto na mvua ya kutosha, ugonjwa ulikuwapo. Kwenye nyanda za juu zenye baridi na katika maeneo makavu, haukuwapo. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi wa Entebbe, alisaidia kuonyesha kwamba mpaka haukuwekwa na urefu wa milima peke yake, bali na joto na mvua. Hiyo ilikuwa ramani ya mbu.

Burkitt alihitimisha kwamba huenda mbu hubeba virusi vinavyoleta saratani. Ramani yake ilikuwa sahihi. Maelezo yake, kama ilivyokuja kuonekana, yalikuwa na kasoro.

Chupa iliyocheleweshwa na ukungu

Machi 1961, kabla ya safari hiyo, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti kijana wa virusi. Walikubaliana kwamba vipande vya uvimbe vitasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi maabara yake.

Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Kisha Desemba 1963, ndege iliyobeba kifurushi ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Chupa ilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyoingiwa na bakteria. Badala ya kuyamwaga, Epstein alichukua tone na kulitazama. Zilikuwa chembe hai za saratani, zimejitenga na nyama na kuelea.

Kutokana na chembe hizo yeye na Yvonne Barr walifanikiwa kuziotesha maabara. Mwaka 1964, pamoja na Bert Achong, walitangaza kwamba hadubini ya elektroni imewaonyesha virusi vipya ndani yake. Virusi vya Epstein-Barr vikawa vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Lakini fumbo likazidi. Virusi hivyo vilikutwa kwa watu wengi wa kila bara, wala havihitaji mbu, kwa kuwa huenea kwa mate. Kwa nini basi saratani ichague ukanda ule? Utafiti uliofuata ulielekeza kwenye malaria. Mtoto anayeshambuliwa na malaria mara kwa mara, kinga yake huchoka kuvidhibiti virusi hivyo, na chembe zilizoambukizwa huongezeka hadi moja inapopata hitilafu ya kromosomu. Mbu alikuwa mshiriki, ila kwa mlango mwingine.

Kuanzia mwaka 1972, watafiti wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile, wakangoja. Matokeo ya mwaka 1978 yalionyesha kwamba waliougua baadaye walikuwa na dalili nzito za virusi hivyo katika damu tangu kabla ya uvimbe kutokea.

Kisu chawekwa kando

Kwa wazazi waliokaa wodini, ramani na virusi vilikuwa habari za mbali. Uvimbe huo hukua kwa kasi kuliko karibu saratani yoyote, na mtoto asiyetibiwa hufa katika miezi michache. Burkitt alijaribu kukata mataya. Watoto waliachwa na majeraha ya kutisha, na uvimbe ukarudi. Uganda haikuwa na mashine za kutibu kwa mionzi.

Akisaidiwa na Joseph Burchenal, bingwa wa saratani kutoka New York, alianza kuwapa watoto dawa za methotreksati na saiklofosfamidi. Mpasuaji akaweka kisu chini. Nyuso zilizovimba zilirudi katika hali ya kawaida ndani ya siku chache, na baadhi ya watoto walipona kabisa baada ya dozi chache tu. Limfoma ya Burkitt ikaingia katika orodha ya saratani za mwanzo kuponywa kwa dawa peke yake.

Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma kwa msaada wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Kiliongozwa na John Ziegler, akishirikiana na Sebastian Kyalwazi, mpasuaji Mganda. Madaktari wa kigeni walipoondoka katika miaka ya utawala wa Idi Amin, Charles Olweny, Mganda mwingine, aliushika usukani. Kituo hicho ndicho kilichozaa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Deni lililobaki

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 na kufanya kazi London. Huko alishika swali jingine la ramani: kwa nini saratani ya utumbo mpana na maradhi mengine yaliyojaa hospitali za Uingereza yalikuwa adimu Mulago? Alijibu kwamba ni uhaba wa nyuzinyuzi katika chakula cha Wazungu. Si madai yake yote yaliyothibitishwa, lakini ushauri wa kula nafaka zisizokobolewa umebaki. Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi ya Uingereza, na mwaka huo huo akawa miongoni mwa waliotunukiwa tuzo ya Lasker. Alifariki dunia Machi 23, 1993, akiwa na umri wa miaka 82, akiacha mjane, Olive, na mabinti watatu.

Ugonjwa unaitwa kwa jina lake. Majina ya mtoto wa Mulago na mtoto wa Jinja hayamo katika vitabu vya tiba, wala ya mama aliyekaa nje ya hospitali akingoja, wala ya wale ambao vipande vya miili yao vilisafiri hadi London kuwafundisha wataalamu wa dunia.

Kwa watoto wa nchi tajiri, ugonjwa huo sasa hupona kwa walio wengi. Katika ukanda alioutambua Burkitt, ikiwamo kando ya Ziwa Victoria, ungali unaua wengi wanaofika hospitali wakiwa wamechelewa, au ambao familia zao hushindwa na nauli na gharama kabla dozi hazijakwisha. Ramani ilichorwa kwa miili ya watoto wa ukanda huo, na dawa ilithibitishwa humo humo. Kinachosubiriwa ni dawa hiyo kuwafikia wote kwa wakati.