Georg Ohm: Mwalimu aliyeishuku betri yake

FUNDI wa redio mjini Kitale au Bungoma anapogusisha ncha za mita kwenye saketi na kusoma volti asizozitarajia, huwa amekumbwa na fumbo lililomsumbua mwalimu mmoja wa Ujerumani karne mbili zilizopita.

Georg Simon Ohm alizaliwa Erlangen mnamo Machi 16, 1789. Babake, fundi wa kufuli, alijisomea hisabati na kuwafunza wanawe. Kuanzia 1817, Ohm alifundisha hisabati na fizikia katika shule moja mjini Cologne.

Mnamo 1825 alichapisha vipimo vya mkondo wa umeme upitao katika nyaya za urefu mbalimbali. Kanuni aliyoitoa haikuwa sahihi. Nyaya hazikuwa na kosa. Betri ndiyo iliyokuwa ikidhoofika majaribio yakiendelea. Kwa ushauri wa mhariri Johann Poggendorff, aliiacha betri na kuunganisha bismuthi na shaba, kiungo kimoja akikitia katika maji yanayochemka na kingine katika barafu. Akapata umeme usioyumba, na mwaka 1826 ukweli ukadhihirika: volti ni zao la mkondo na ukinzani.

Kitabu chake cha 1827 hakikuthaminiwa nchini mwake. Alijiuzulu, akaishi kwa dhiki hadi alipopata kazi Nuremberg mnamo 1833. London ilimtunuku Nishani ya Copley mwaka 1841. Alifariki Munich mnamo Julai 6, 1854, na mwaka 1881 mkutano wa Paris ukaidhinisha omu kuwa kizio cha ukinzani.

Kanuni yake ingali inamnusuru fundi. Chukua vikinzani viwili vya megaomu 1 kila kimoja, vilivyofuatana kwenye betri ya volti 9. Kila kimoja kinastahili volti 4.5. Lakini mita yenye ukinzani wa ndani wa megaomu 1 itasoma volti 3 tu, kwa kuwa nayo hupitisha mkondo na kuwa sehemu ya saketi. Mita ya megaomu 10 itasoma takriban volti 4.3.

Asiyelijua hilo hung'oa kifaa kizima, na mteja akalipia kipuri kisichohitajika. Ohm alifunzwa na kosa lake mwenyewe: kabla ya kukihukumu kinachopimwa, chunguza kwanza betri, kisha mita.